Springi za Gaju

Kikao cha kuchagua springi za gari kilifunguliwa kwa sala, nyimbo mbili, na tangazo kwamba anayejua mambo ya magari atasema mwisho. Anayejua mambo ya magari alikuwa mmoja tu, Musoni, dereva. Zamu yake ilipofika watu walikuwa wamekwisha kukubaliana, na nusu yao wameinama wakitafuta fimbo zao chini ya viti.

Musoni alikuwa na miaka hamsini na miwili mwaka huo wa 2009. Alizaliwa milimani juu ya Uvira, katika ukoo wa wafugaji ambao hawajawahi kuona sababu ya mtu kwenda mahali bila kutembea. Yeye aliona sababu. Alijifunza udereva kwenye lori la misheni lenye breki za upande mmoja, akalipandisha na kulishusha kwa miaka kumi na sita bila kuua mtu, jambo ambalo barabarani kule lilitosha kumpa mtu heshima ya daktari. Alipofika kambi ya Nakivale mwaka 2004 alikuwa na mkewe Kampire, binti yao Liliane, na leseni ya Kikongo ambayo askari wa barabarani wa Uganda waliigeuza juu, wakaigeuza chini, wakamrudishia wakisema picha imetoka vizuri.

Alikuwa mtu mpole, mwenye subira ndefu. Ila subira yake ilikuwa imezoea magari, ambayo yakiharibika hayakupi maoni.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser pikapu kuukuu, la rangi ya vumbi jekundu, ambalo chama cha maziwa kilinunua kwa shirika fulani lililokuwa likifunga ofisi. Siku lilipoingia wazee walilizunguka, wakalipa jina la ng'ombe: Gaju, kama anavyoitwa ng'ombe mwenye rangi hiyo. Tangu hapo hakuna aliyesema "gari". Walisema Gaju ameamka vibaya, Gaju anakohoa, Gaju amekunywa mafuta yote tena.

Kazi ya Gaju ilikuwa kubeba mitungi ya maziwa ishirini na minne. Kila nyumba ya chama ilikuwa na mtungi wake wa lita arobaini, wenye kitambaa cha rangi yake kwenye mkono, na kifuniko alichokifunga mama wa nyumba mwenyewe. Musoni aliikusanya saa kumi na mbili asubuhi na kuipeleka kituo cha maziwa Mbarara, ambacho mlango wake ulifungwa saa tatu na nusu, mvua au jua. Msimu wa mvua uliopita Gaju alikuwa amekwama mara tisa katika lile bonde la udongo mweusi kabla ya kufika Rwekubo, tumbo limelala kwenye tope kama nguo iliyoanikwa chini. Mkuu wa kituo alikuwa amevumilia. Sasa hakuvumilia tena. Alitoa neno lake bila kupandisha sauti: msimu huu, maziwa ya chama yakikosa kufika au yakifika mabovu mara tatu, nafasi yao inakwenda kwa chama kingine, na chama hicho kingine kilikwisha kuja mara mbili kumsalimu. Bila Mbarara, maziwa ya nyumba ishirini na nne yangebaki kambini, ambako kila jirani alikuwa na maziwa ya kwake ya kuuza.

Kwa hiyo Gaju alipaswa kuinuliwa na kuvishwa tairi mpya. Hapo wote walikubaliana. Kisha wakaanza kuzungumza.

"Miye ninaomba kintu kidogo tu," Musoni alisema zamu yake ilipofika. "Pine za kirefu, nyembamba, za meno. Nyembamba inakata matope mpaka inapata udongo ya nguvu. Halafu lame moja, moja tu, tunaongeza mu resoru kila upande. Na amortisa za mupya. Gari itapanda vidole vine. Inatosha." Pine kwake zilikuwa tairi, resoru springi, lame pande moja la chuma la springi, na amortisa shokapu.

Muzee Nehemiya, mwenyekiti wa chama, mtu wa miaka sabini aliyetembea kama anayesubiriwa, alimtazama kwa huruma.

"Vidole vine," alisema. "Musoni, mwana wangu, twende inje."

Wote wakatoka nje. Waliliangalia gari jinsi wanavyomwangalia ng'ombe wa mahari: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja amechuchumaa pembeni akifumba jicho. Walitazama mgongo kama umenyooka. Walitazama makalio. Mzee mmoja aliligonga bodi kwa ncha ya fimbo, akasikiliza.

"Angalia miguu yake," Nehemiya alisema. "Mifupi. Na huku nyuma anainama. Ngombe anasimama hivi, unaoa naye? Hii haiko ngombe. Hii ni nguruwe."

Watu walicheka. Musoni hakucheka. "Muzee, anainama juu ya uzee, ana miaka makumi mbili."

"Basi tumuinue. Vidole vine ni vya mutu mwenye anaogopa. Tuseme shibiri."

"Shibiri moja? Muzee, ukimuinua shibiri atakuwa anayumba mu kona, na resoru itakuwa nguvu sawa jiwe."

"Ngombe mwenye miguu mirefu anayumba?" Nehemiya aliuliza, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ng'ombe mwenye miguu mirefu akiyumba, hoja ilipita. Shibiri ikaandikwa.

Jumatatu Musoni alikwenda Mbarara kutafuta springi. Alikwenda na Nehemiya, ambaye alikuwa amesema kwamba dereva akiachwa peke yake na fundi, wataelewana.

Fundi alikuwa Afande Bekunda, Mnyankole, sajini mstaafu aliyetengeneza magari ya jeshi miaka ishirini na sasa alikuwa na uwanja wa mabati kando ya njia ya kwenda Makenke. Wanajeshi walipeleka kwake pikipiki zao, wake zao walipeleka majiko. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, kilichokatwa kwa shoka, nacho alikiendesha kwa kasi moja tu.

Alikuwa na marundo matatu ya tairi. La kwanza lilikuwa la tairi mpya za lami, laini kama shavu la mtoto. La pili la tairi pana zilizotumika, zilizovushwa kutoka Tanzania kupitia Kikagate, kila moja na kovu lake. La tatu lilikuwa na tairi nne tu, ndefu, nyembamba, zenye meno ya kuingia kidole kizima, saizi saba hamsini kwa kumi na sita. Musoni alizipenda kabla hajashuka garini.

"Hizi," alisema.

"Hizi ndiyo tairi ya mwanaume," Bekunda alisema. "Wewe najua kitu."

Nehemiya alikuwa amesimama kwenye rundo la Kikagate, mkono juu ya ile pana kuliko zote. "Na hii? Hii iko na kwato kubwa. Haizame."

"Muzee, hiyo nazama polepole," Bekunda alisema. "Napanda juu ya matope kama bata. Ikifika katikati nakaa. Wewe nataka bata?"

Nehemiya alifikiri. Hakutaka bata. Hivyo tairi zikachaguliwa vizuri, kwa dakika nne, na Musoni akaanza kuamini kwamba siku ile ingekwisha salama. Ndipo Bekunda akachukua chaki.

"Sasa springi. Mimi siweki springi kwa macho. Mimi naweka springi kwa uzito. Gari nabeba nini?"

"Maziwa," Nehemiya alisema. "Mitungi makumi mbili na ine. Ya lita makumi ine."

"Imejaa?"

Musoni aliangalia chini.

Hapa inafaa kueleza jambo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye swali lile moja. Kwa watu wa Musoni, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele ya watu, na maziwa yake ni njia ya mkato ya kuwahesabu. Mgeni haulizi nyumba imekamua kiasi gani. Jirani haulizi. Mama anafunga kifuniko, na kifuniko kikifungwa mtungi ni mtungi. Huko milimani kila mtu alikuwa na ng'ombe, na desturi hiyo ilikuwa adabu. Nakivale, ambako nyumba nyingi zilikuwa na ng'ombe wawili, au mmoja na ahadi, ilikuwa imegeuka kuwa nguo ya mwisho ya kujisitiri. Ndiyo maana hakuna nyumba iliyokuwa imenunua mtungi wa lita kumi. Wote walinunua wa arobaini.

Mtu mmoja tu alijua ukweli, naye ni yule aliyeinyanyua mitungi hiyo kila asubuhi. Musoni alijua kwa mikono yake mtungi upi una lita thelathini, upi una kumi na tano, na upi unalia kama ngoma. Alijua kwamba mzigo wa Gaju haukuwa tani moja bali nusu yake na ushei. Lakini dereva wa maziwa ni kama mkunga: akisema anachokijua, hafunguliwi mlango tena.

"Imejaa," Nehemiya alisema, akinyoosha mgongo. "Yote. Mpaka juu."

Bekunda alimgeukia Musoni. "Dereva, kweli?"

Musoni aliona bonde la udongo mweusi. Akaona springi nzito zikifungwa chini ya mzigo mwepesi. Akaona pia uso wa Nehemiya, uliotulia kabisa, wa mtu asiyewahi kudanganya ila kwa heshima.

"Muzee amesema," Musoni alijibu.

"Na watu juu?"

"Bantu bako," Nehemiya aliongeza. "Mingi."

Bekunda akaandika ukutani kwa chaki: tani moja na nusu. Akaongeza mapande matatu kila springi, manene, yaliyotoka kwenye lori, akarefusha na vishikizo vyake kwa kuvichomelea. Shokapu akaweka za lori pia, "kwa sababu hizi za kwako ni za kubeba bibi arusi." Kila tairi aliijaza upepo mpaka ikalia kengele ukiigonga.

Gaju alirudi kambini amesimama shibiri nzima juu ya alivyoondoka. Watu walitoka majumbani. Mzee aliyegonga bodi kwa fimbo aliligonga tena, akasema sasa sauti imebadilika. Wanawake wanaopanda nyuma kwenda sokoni walitazama mahali pa kukanyagia, wakatazamana. Mmoja akaleta kigoda. Nehemiya alizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Sasa anaangalia bantu mu macho," alisema.

Musoni, ambaye sasa alipaswa kuinua kila mtungi mpaka kifuani, alisema ndiyo, anawaangalia.

Njiani siku hizo za kiangazi Gaju aliruka. Hakukuwa na neno lingine. Kila jiwe alilipokea kama tusi. Mitungi ilicheza nyuma kwa mlio wa bendi ya kanisa siku ya mazoezi, na Musoni alifika Mbarara meno yakimuuma. Alipolalamika, Nehemiya alimwambia gari jipya ni kama dume jipya, litazoea. Safari za kiangazi alizipunguza mwendo mpaka baiskeli zikampita, na maziwa yakafika mazima.

Kisha mvua zikaanza, na mwendo wa baiskeli haukuwezekana tena. Bonde lile halipitwi polepole. Unaliingia kwa gia ya pili, mguu umekaza, na huuondoi mpaka ng'ambo. Na muda uliopotea kwenye utelezi unaufidia kwenye changarawe ya Rwekubo kwa kukimbia.

Asubuhi ya kwanza ya mvua Gaju aliingia bondeni, tairi zikakata, tope likaruka juu ya kabini, na gari likatokea ng'ambo kama mtu anayevuka sebule. Lori la mkaa lilikuwa limezama pembeni. Musoni alilipita, na kwa mara ya kwanza tangu kile kikao alitabasamu. Alifika kituoni saa mbili na dakika kumi. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Dada anayepima maziwa, Mnyankole mnene mwenye koti jeupe na mabuti ya mpira, alifungua mtungi wa kwanza, akaingiza upawa mrefu, akautoa. Juu ya upawa palikuwa na punje za njano, kubwa kama mahindi, zikielea kwenye maji meupe.

"Ssebo," alimwambia Musoni, "hii nini?"

Musoni alitazama. Alijua ni nini. Kila mtoto wa kwao angejua.

"Siagi," alisema.

"Mimi nangoja maziwa, wewe naleta siagi?"

Alifungua wa pili, wa tatu, wa nne. Mitungi michache yenye maziwa mengi ilipita. Mingine yote alichora msalaba juu yake kwa chaki. Mara ya kwanza, alisema, na akaandika.

Kambini jambo hilo lilipokewa kwa utulivu wa watu waliokwisha kupata maelezo. Mmoja alisema ni tairi, zina mpira wa kijeshi unaotoa joto. Mwingine alisema kuna nyumba imeweka kitu. Nehemiya alisema ni Musoni, anaendesha kwa hasira.

"Kwa hasira!" Musoni alimwambia Kampire jioni, akivua viatu vilivyojaa tope. "Miye! Nilimuambia vidole vine. Nilimuambia resoru itakuwa nguvu. Sasa ni hasira!"

Kesho yake aliendesha kwa upole wote ambao barabara iliruhusu. Alilivuka bonde, alilikuta lori la mkaa palepale, alifika saa tatu kasoro. Siagi. Dada wa koti jeupe safari hii alimwonyesha tu upawa, akaandika mara ya pili. Mkuu wa kituo alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani.

Ilibaki mara moja.

Aliporudi alichukua mmoja kati ya mitungi iliyokataliwa, akauweka mbele ya mkewe. Kampire aliufungua, akaingiza kidole, akaonja, akatazama maziwa yalipoishia ndani ya mtungi, karibu katikati. Kisha akaanza kucheka, cheko lisilo na furaha hata chembe.

"Baba Liliane. Munaongea juu ya hii gari mwezi muzima. Bazee bote, na fimbo zabo. Hakuna ata mwanaume mumoja kati yenu mwenye ameshasuka maziwa?"

"Tusuke wapi? Ni kazi yenu."

"Njo maana. Kama ninasuka, kibuyu ninakiweka maziwa nusu. Nusu, unasikia? Ili maziwa ipate fasi ya kucheza. Kibuyu ikijaa unaweza kuisukasuka mpaka Yesu arudi, haitoke siagi. Munanunua kibuyu ya vyuma, munaiweka nusu, munaifunga juu ya resoru ya lori, munaikimbiza mpaka Mbarara." Alifunga kifuniko. "Ata miye siwezi kusuka muzuri vile."

Musoni alikaa kwenye kigoda. "Nilijua haijajaa," alisema.

"Ulijua?"

"Ninainua kila asubui."

"Na fundi alikuuliza?"

"Aliniuliza. Muzee alikuwa pale. Ningesema nini, Mama Liliane? Kama mutungi yake yeye mwenyewe njo inalia kupita yote?"

Kampire alimtazama mumewe muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka ambayo bado ni sufuria pekee nyumbani. "Kesho ninaenda na weye," alisema.

Kesho yake asubuhi walikuwa watatu kabini, kwa sababu Nehemiya naye alikuwa ameamua kwenda, ili aone kwa macho yake nani anaharibu maziwa. Alikaa katikati, fimbo kati ya magoti. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri na sasa jua lilikuwa limetoka. Walipofika kwenye mteremko, bonde likionekana mbele limevimba kwa maji, Kampire alisema, "Simamisha."

Musoni alisimamisha. Kampire alishuka, akapanda nyuma, akaanza kufungua kitambaa cha mtungi wa kwanza.

"Mama Liliane!" Nehemiya alitoka mbio kuliko miaka yake. "Unafanya nini? Mitungi ya bantu haifunguliwe mu njia!"

"Muzee, ya leo ikirudishwa, hakuna mitungi tena ya kufunga. Ninamwanga maziwa pamoja, nijaze yenye itajaa, zingine ziende tupu. Kila moja ninaipima kwanza na kijiti. Itabakia mu kichwa yangu."

"Maziwa ya nyumba moja na ya ingine?"

"Kule Mbarara banaimwanga mu tanki moja, Muzee. Ulikuwa unawaza banaiweka wapi?"

Nehemiya alimgeukia Musoni, kama mwanamume mmoja anavyomgeukia mwingine. Musoni alikuwa anatazama saa yake. Ilikuwa saa moja na robo.

"Mugeuke," Kampire alisema. "Mwangalie ziwa."

Ziwa halikuonekana kutoka pale, lakini waligeuka. Wanaume wawili wazima walisimama kando ya barabara, migongo kwa gari, wakitazama shamba la mahindi la mtu, huku nyuma yao mama mmoja akifungua siri za nyumba ishirini na nne.

Hawakuona kitu. Kusikia ni jambo jingine. Kila mtungi ulitoa sauti yake: kifuniko, kimya cha kijiti, kisha maziwa yakimiminika. Mengine yalimiminika kwa muda wa kuimba ubeti. Mengine kwa muda wa kutaja jina. Na kabla ya kila mtungi Kampire, bila kukusudia, alilivuta fundo la kitambaa kwa sauti ya kusikika, na mtungi wa Nehemiya peke yake ulifungwa kwa mnyororo. Mnyororo ulilia. Kifuniko kikafunguka. Kikafuata kimya kirefu cha kijiti kinachotafuta mahali pa kugusa. Kisha maziwa yalimwagika, na kabla Musoni hajamaliza kukohoa kwa heshima, yalikuwa yamekwisha.

Nehemiya alitazama mahindi.

"Haya mahindi," alisema baadaye kidogo, "bameyapanda karibu karibu."

"Ndiyo, Muzee."

"Ngombe yangu moja ilikufa mwezi wa tatu. Ingine iko na mimba."

"Sikuuliza, Muzee."

"Ninajua haukuuliza."

Mitungi kumi na mitatu ilijaa mpaka shingoni, kumi na mmoja ikabaki mitupu. Gaju alivuka bonde, akaruka changarawe yote ya Rwekubo na kuendelea, na kila aliporuka Nehemiya alifumba macho. Kituoni dada wa koti jeupe alifungua mtungi wa kwanza, akachota, akamimina nyuma polepole, akachota tena. Alifungua wa pili. Alipofika wa kumi na tatu aliirudisha kalamu mfukoni bila kuandika mara ya tatu, na hakuiandika tena msimu wote; mvua zile ziliisha na chama kikiwa na nafasi yake mlangoni. Lakini hilo walikuja kulijua baadaye. Asubuhi ile walichojua ni kwamba wamepona siku moja, na kwamba Kampire alikuwa ameshika kiuno.

"Hizi resoru," alisema, akishuka kwa mikono ya watu wawili, "muzitoe leo. Miye sipande tena hii kintu mpaka muzitoe."

Walikwenda kwa Bekunda. Bekunda alilipokea ombi lao kama mpishi anayerudishiwa sahani.

"Kutoa? Mimi kwa jeshi nimefunga springi miaka ishirini, hakuna mtu amerudisha. Springi iko mbovu?"

"Hapana, Afande," Musoni alisema. "Iko muzuri sana. Iko muzuri kupita."

"Basi?"

"Inarusha."

"Narusha kwa sababu hakuna mzigo. Weka tani moja na nusu, natulia kama kitanda. Mimi nimeandika." Alielekeza kidole ukutani, ambako chaki ilikuwa bado inasomeka. "Nani alisema tani moja na nusu? Mimi nataka kusikia. Gari nabeba uzito ngapi, kweli?"

Askari mmoja aliyeleta pikipiki alisogea kusikia vizuri. Kampire alikuwa amekaa kwenye rundo la tairi za Kikagate, akitazama kucha zake. Musoni alihesabu kimoyomoyo nyumba zote ishirini na nne ambazo hazingemfungulia mlango, akavuta pumzi.

"Nusu," Nehemiya alisema.

Wote walimtazama. Alikuwa amesimama wima kabisa, mikono miwili juu ya fimbo.

"Nusu ya tani?" Bekunda aliuliza.

"Nusu ya ile nilisema. Na siku ingine, chini ya nusu."

Bekunda alilala chali akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Muzee! Bambi, maskini! Kumbe! Sasa wewe siku ile, mimi nauliza polepole, springi ni ya kubeba nini, kwa nini hukusema?"

Nehemiya alifikiri juu ya swali hilo kwa unyofu wote.

"Dereva hakusema," alijibu.

Musoni alimtazama. Kulikuwa na maneno, yalikuwa mengi, na yote yalifika mdomoni kwa wakati mmoja yakakwama mlangoni. Kampire aliinua uso kutoka kwenye kucha zake akamtazama mumewe kwa makini, akisubiri. Bekunda naye alisubiri. Askari wa pikipiki alisubiri.

"Tutoe lame mbili kila upande," Musoni alisema hatimaye. "Tubakishe moja. Itakuwa vidole vine."

"Vine na nusu," Nehemiya alisema.

Musoni alichukua spana, akajilaza kwenye gunia, akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.